Kurudi kwenye besi baada ya miaka mingi: namna ya kuchagua gitaa utakalolipiga kweli

Wanaoniuliza swali hili wanafanana. Mtu alipiga besi kwenye bendi ya shule, au ya jeshi, au ya shirika la umma enzi zile kila shirika lilitaka bendi yake. Kisha likaja la kuoa, uhamisho, watoto, ujenzi. Gitaa likaachwa kwa shemeji, na shemeji akaligawa. Sasa watoto wamekua, au kanisani wamekosa mpiga besi, naye anataka kurudi. "Kaka, ninunue besi gani?"

Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari: ile besi waliyoitamani wakiwa na miaka 22. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Bega la leo si la wakati ule, vidole vimelainika, na nyumba ina majirani. Besi inayokufaa ni ile ambayo ukitoka kazini umechoka bado utaishika. Kinachoamua hilo ni uzito wake, shingo yake na mkono wa fundi aliyeirekebisha. Jina lililoandikwa kichwani linafuata mbali sana.

Mwongozo huu ni wa besi ya umeme yenye freti, yaani vile vyuma vilivyokingama shingoni. Besi isiyo na freti iache kwa sasa. Sikio lililolala miaka 20 halitakusamehe pale kidole kitakapotua pembeni kidogo.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Bajeti iliyogawanywa. Usiweke hela yote kwenye gitaa. Katika kila shilingi 100, weka kama 60 za gitaa, 25 za spika ya mazoezi, na 15 za fundi, nyuzi, mkanda na waya.
- Simu yenye programu ya kutyuni. Zipo za bure na zinatosha.
- Waya wako mwenyewe, unaojua ni mzima. Wa dukani ukikwaruza hutajua mgonjwa ni waya au gitaa.
- Mkanda mpana, sentimita 7 au zaidi.
- Utepe wa kupimia, rula ndogo yenye milimita, na kadi moja ya biashara. Kazi ya kadi utaiona hatua ya 7.
- Kucha zilizokatwa. Nacheka, lakini wapo wanaofika dukani na kucha ndefu wakalaumu gitaa.

Hatua ya 1: Kagua besi ya zamani, kama bado ipo

Kama gitaa lako liko uvunguni au juu ya kabati kwa mama, litoe kwanza. Nyuzi zitakuwa na kutu, vitufe vya sauti vitakwaruza, na vumbi litajaa kila pembe. Hayo yote yanatibika kwa bei nafuu. Lisilotibika kirahisi ni shingo iliyopinda kwa kujinyonga, yaani upande mmoja umeinuka na mwingine umelala. Funga jicho moja, angalia shingo kutoka kichwani kuelekea mwilini kando kwa kando. Ikiwa kingo mbili zinakwenda sambamba, mpelekee fundi kabla hujafikiria kununua lingine. Ikiwa zimepishana, litundike ukutani kama kumbukumbu uendelee na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Amua utapigia wapi

Jibu swali moja tu: katika miezi sita ijayo utapiga zaidi wapi? Sebuleni peke yako, kwenye kwaya, au na wenzako wa zamani mnaotaka kufufua bendi? Ndoto ya kupanda jukwaa kubwa haihesabiwi.

Wa sebuleni anahitaji besi nyepesi na spika ndogo. Wa kanisani anahitaji besi isiyo na kelele za umeme ambayo itachomekwa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Wa bendi ya dansi anahitaji sauti nene, na bega linalovumilia, kwa sababu wimbo mmoja wa dansi unaweza kwenda dakika kumi na wewe ndiye usiyepumzika.

Hatua ya 3: Nyuzi nne au tano?

Ulipoacha, huenda hujawahi kuona besi ya nyuzi tano kwa macho. Leo zimejaa makanisani. Uzi wa ziada ni B ya chini, yenye mtetemo wa takriban hertz 31, wakati E ya chini ya besi ya kawaida ni hertz 41.

Ushauri wangu ni nne. Bendi za dansi za miaka ya 1970 zilijengwa juu ya nyuzi nne, na ukimsikiliza Tommy Malanga akiwa na Les Wanyika utaona kinachobeba wimbo ni pale anapoacha nafasi kati ya sauti moja na nyingine. Uzi wa tano haukufundishi hilo. Unaongeza upana wa shingo, unaongeza uzito, na unakuletea uzi mmoja zaidi wa kunyamazisha kwa mkono wa kulia, kazi ambayo mkono uliolala umeshaisahau.

Isipokuwa wewe ni wa kanisani. Waimbaji huchagua ufunguo unaowafaa wao, na mara nyingi utaangukia kwenye E flati, nusu hatua tu chini ya uzi wako mnene kabisa. Kwenye nyuzi nne itabidi uipige juu, na wimbo utapoteza sakafu. Ikikutokea kila Jumapili, nunua tano. Lakini isikilize B yenyewe kwanza: kwenye besi nyingi za bei ya chini uzi huo hulegea na kuunguruma bila sauti inayoeleweka.

Hatua ya 4: Urefu wa uzi unaolia

Hiki ndicho kipimo ambacho wanaorudi hawakiulizi, nacho kinabadilisha kila kitu. Pima kutoka kile kipande chenye mifereji mwanzo wa shingo, pale uzi unapotoka kichwani, hadi pale uzi unapokaa kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa. Besi ya kawaida ni inchi 34, yaani sentimita 86.4. Besi fupi ni inchi 30, sentimita 76.2. Za inchi 32 zipo, na za tano mara nyingi hufika 35.

Tofauti inaonekana mwanzoni mwa shingo. Kwenye besi ya inchi 34, kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya nne ni karibu milimita 178. Kwenye ya inchi 30 ni 157. Sentimita mbili hizo ndizo zinazouma kwenye kifundo cha mkono wa mtu wa miaka 50 anapotanua vidole vinne.

Watu huziona besi fupi kama za watoto. Paul McCartney wa Beatles alipiga Höfner 500/1, besi fupi ya inchi 30, na hakuna aliyemwita mtoto. Kampuni ya Fender walitoa Mustang Bass mwaka 1966 kwa kipimo hichohicho, na leo Squier Bronco ni njia ya bei nafuu ya kupata ufupi huo. Sauti yake ni ya mviringo na laini zaidi, uzi ni mlegevu kidogo chini ya kidole. Kwa rumba na dansi la zamani inakaa vizuri mno. Kwa anayetaka mlio mkali wa kupiga kwa kidole gumba, inchi 34 bado ndiyo yenyewe.

Angalizo: besi fupi inataka nyuzi fupi. Ukifunga nyuzi za besi ndefu, sehemu nene ya uzi itajizungusha kwenye kikazio cha kichwani, na hapo hukatika au haikai kwenye sauti.

Hatua ya 5: Uzito, na je, kichwa kinaanguka?

Besi nyingi zina uzito wa kati ya kilo 3.2 na 4.5. Kwa aliyevuka miaka 45 naweka mpaka kwenye kilo 4, na aliyewahi kuumwa mgongo ashuke hadi 3.5. Duka halina mzani wa gitaa, lakini nyumbani kwa aliyeitangaza mtandaoni huenda upo mzani wa kupimia mwili: panda na gitaa, panda bila gitaa, toa.

Kisha vaa mkanda, simama, achia mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikishuka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto ndio utakaokibeba usiku kucha huku ukitakiwa pia kubonyeza nyuzi. Besi zenye pembe fupi ya juu, kama zile zenye umbo la Gibson SG au Thunderbird, zinajulikana kwa tabia hiyo. Mkanda mpana wa ngozi yenye upande wa ndani unaokwaruza unapunguza tatizo. Hauliondoi.

Kaa nayo umesimama dakika kumi. Kumi kweli, usiione aibu. Mwenye duka anaweza kuendelea na wateja wengine. Bega likianza kuuma ndani ya dakika kumi, usijidanganye kwamba litazoea.

Hatua ya 6: Shingo na pikapu

Hapa kuna miundo miwili ambayo karibu besi zote zimeiga. Fender walianza na Precision mwaka 1951, wakaongeza Jazz mwaka 1960. Precision ya leo ina pikapu moja, yaani ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, iliyogawanywa vipande viwili, muundo wa tangu 1957. Shingo yake, pale nyuzi zinapotoka kichwani, ni pana, milimita 41 hadi 42. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba, milimita 38. Mwenye vidole vifupi au viungo vilivyoanza kukaza huipenda shingo ya Jazz. Ibanez za mfululizo wa SR nazo zina milimita 38 na mgongo mwembamba, ndiyo maana utaziona mikononi mwa vijana wengi.

Kwa sauti, Precision haina mengi: kitufe cha sauti, kitufe cha toni, basi. Unachomeka, unakaa ndani ya bendi. Kwa anayerudi, uchache huo ni faida. Jazz inakupa kuchanganya pikapu mbili, lakini ukishusha moja utasikia mvumo wa umeme. Ukizifungua zote sawa, unapungua. Yamaha TRBX174 ina pikapu za aina zote mbili kwenye gitaa moja na haihitaji betri.

Suala la betri linawachanganya wengi, kwa sababu zamani halikuwepo sana. Besi nyingi za sasa zina mtambo mdogo ndani wa kuongeza besi na treble, na unakula betri ya volti 9. Unawaka pale unapochomeka waya kwenye gitaa. Ukimaliza kupiga ukaacha waya umechomekwa, betri inaendelea kuliwa. Ukiwa kanisani na betri ikafa katikati ya ibada, ni kimya. Kama huna tabia ya kutunza vitu vidogovidogo, chukua isiyo na betri.

Hatua ya 7: Ukaguzi mbele ya muuzaji

Uwe Kariakoo ya Dar, Luthuli Avenue ya Nairobi au sebuleni kwa mtu, utaratibu ni huu huu. Muuzaji atakuambia, "Mzee wangu, hii ni orijino, imeingia juzi tu." Mjibu kwa upole: "Sawa kijana wangu, nichomekee kwenye spika tuisikilize." Jina kichwani ni karatasi ya kubandika, na wanaobandika wapo. Fanya haya kwa mpangilio:

a) Angalia shingo kando kwa kando kama hatua ya 1. Iliyojinyonga, rudisha na uage.

b) Tyuni kwanza. Gitaa lisilotyuniwa litakudanganya kila kipimo kinachofuata.

c) Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa kiwiko au kwa msaada wa mtu. Sasa angalia freti ya 7 au ya 8: kati ya uzi na chuma panatakiwa papite kadi ya biashara kwa kusugua kidogo. Pakiwa wazi sana, shingo imejikunja mbele. Pasipo nafasi kabisa, imejikunja nyuma. Vyote viwili hurekebishwa na fundi kwa kukaza au kulegeza chuma kilicho ndani ya shingo, ilimradi nati yake inazunguka. Nati iliyoliwa meno ni sababu ya kuondoka. Wewe usiikaze dukani.

d) Pima urefu wa uzi juu ya freti ya 12. Milimita 2 hadi 2.5 ni starehe. Zikizidi 4, angalia vile vikalio vidogo vya darajani: kama bado vina nafasi ya kushuka, hakuna shida. Kama vimeshakaa chini kabisa na nyuzi bado zi juu, shingo imekaa kwa pembe mbaya. Hapo ama bei ishuke sana, ama uache.

e) Piga kila freti kwenye kila uzi, moja moja, polepole. Ndiyo, zote. Unasikiliza mlio wa kugonga chuma, na sauti inayokufa mapema. Kwenye besi nyingi za umbo la Fender kuna sehemu ya uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, ambapo sauti hufa haraka kuliko jirani zake. Ikiwa kidogo, ni kawaida yake. Ikiwa inakatika kabisa, utaichukia kila siku.

f) Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upate ule mlio wa kengele. Kisha bonyeza freti hiyohiyo. Programu ya simu inatakiwa ionyeshe sauti ileile. Tofauti ndogo inarekebishwa darajani.

g) Pitisha kidole kwenye kingo za shingo. Ncha za freti zinazokwaruza zinapigwa msasa na fundi. Angalia pia mashimo yaliyochimbwa na nyuzi juu ya freti za kwanza; yakiwa marefu, gitaa linahitaji freti mpya, na kazi hiyo inaweza kugharimu karibu sawa na besi ya bei ya chini.

h) Zungusha vitufe vyote hadi mwisho na kurudi. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Tikisa waya pale ulipochomekwa. Sauti ikikatika, tundu limelegea, kazi ya dakika chache na kisu cha kuchomea risasi. Kama ina betri, fungua kijumba chake uone kama kuna ukungu wa kijani.

i) Mvumo wa umeme unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Mvumo unaoongezeka ukigusa nyuzi ni tatizo la uzi wa ardhini ndani ya gitaa au kwenye soketi.

Mwisho, piga mstari mmoja ambao mikono yako bado inaukumbuka. Usijaribu kuwaonyesha walio dukani. Ukiona unaurudia mara ya tatu bila kufikiria bei, una jibu.

Kwa anayeagiza nje: kumbuka kodi. Bidhaa inayoingia inatozwa ongezeko la thamani, 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, juu ya ushuru na usafiri. Ndugu wa Uingereza au Muscat akikubali kukubebea, besi ndefu ina karibu sentimita 115 hadi 120 na haiingii kwenye sanduku la kawaida. Lakini shingo nyingi za aina ya Fender zimefungwa kwa skrubu nne nyuma. Zikifunguliwa, gitaa linakuwa vipande viwili na tatizo la urefu linapungua. Alegeze nyuzi kwanza, kisha ndiyo afungue.

Hatua ya 8: Spika

Kwa nyumbani, spika ya besi ya wati 15 hadi 40 inatosha, nayo iwe na tundu la hedifoni. Ukikutana na mpiga drami, utahitaji wati 200 au zaidi, na hapo kuna habari njema: zile ampli zilizobebwa na watu wawili zimepata warithi. Kichwa cha ampli cha kisasa cha wati mia kadhaa kinaweza kuwa na kilo 2 au 3 na kuingia kwenye begi.

Usichomeke besi kwenye sabufa ya sebuleni. Najua inashawishi. Muziki uliorekodiwa umeshasawazishwa, besi yako haijasawazishwa. Pigo moja zito la E linaweza kuitoa spika pumzi, na utakuwa na maelezo ya kutoa kwa wenye nyumba. Spika ya gitaa la solo nayo itavumilia kwa sauti ya chini tu.

Na hili ni la usalama. Kumbi na makanisa mengi yana umeme usio na waya wa ardhini. Ukiwa umeshika nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni, unaweza kupigwa shoti ya kweli. Ukihisi kusisimka hata kidogo, zima, mwite fundi umeme. Usikubali kamwe mtu akate mguu wa tatu wa plagi ili "mvumo uishe".

Hatua ya 9: Fundi na nyuzi mpya

Hata besi mpya kutoka kwenye boksi haijarekebishwa kwa mkono wako. Mpelekee fundi wa magitaa, na mwambie maneno haya: nimerudi baada ya muda mrefu, nataka nyuzi ziwe chini, napiga kwa vidole, nitatumia nyuzi za unene huu. Akirekebisha kwa nyuzi za zamani kisha ukaweka nyingine, kazi imeharibika.

Unene wa kawaida, kwa elfu za inchi kutoka uzi mwembamba hadi mnene, ni 45 hadi 105. Kwa vidole vilivyolainika anza na 40 hadi 100 au 40 hadi 95. Nyuzi zenye mikwaruzo zinalia kwa ukali na kukwangua ngozi. Zile zilizosawazishwa bapa ni laini kwa kidole, hazikwaruzi, na sauti yake ni ile nzito iliyozibwa ya rekodi za zamani. Zinagharimu zaidi lakini zinaishi miaka. Usikate uzi kabla hujaukunja pale utakapoukata, la sivyo waya wa nje utajifungua na uzi utakufa.

Wakazi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: jasho na hewa ya chumvi vinakula nyuzi na freti. Kitambaa kikavu kila ukimaliza, na gitaa likae ndani ya begi lake. Ukihamia Dodoma au Nairobi, mti utakauka na shingo itasogea. Tegemea ziara nyingine kwa fundi.

Hatua ya 10: Wiki za kwanza

Dakika 15 hadi 20 kwa siku, si saa tatu Jumamosi. Sugu za vidole hurudi ndani ya wiki chache. Malengelenge yakitokea, pumzika, usiyapasue. Maumivu ya ngozi ni ya kawaida. Ganzi ya vidole au maumivu ya kifundo si ya kawaida, acha na umwone daktari.

Matatizo yanayojitokeza na tiba zake

*Nyuzi zinagonga freti za kwanza tu.* Shingo imenyooka kupita kiasi au imejikunja nyuma. Fundi alegeze chuma cha ndani kwa robo mzunguko, asubiri, apime tena. Zikigonga za juu tu, kwa kawaida inatosha kuinua vikalio vya darajani.

*Sauti inapungua na kukwaruza taratibu.* Betri, kabla ya jambo lolote. Kisha waya. Gitaa lenyewe ni la mwisho kushukiwa.

*Nyumbani inasikika vizuri, kwenye bendi inapotea.* Umeongeza besi mno na kupunguza sauti za kati. Fanya kinyume: shusha besi kidogo, pandisha za kati. Peke yako itasikika mbaya. Ndani ya drami na magitaa mawili itasikika.

*Uzi mmoja unasikika kwa nguvu kuliko nyingine.* Pikapu iko karibu nao zaidi. Kuna skrubu pembeni mwa pikapu. Shusha upande huo kidogo kidogo.

*Gitaa halikai kwenye sauti.* Nyuzi mpya zinahitaji kuvutwa kwa mkono na kutyuniwa mara kadhaa. Hakikisha kila uzi umejizungusha kwenye kikazio mara mbili au tatu, kwenda chini.

*Nimetyuni sawasawa, lakini nikipiga pamoja na wimbo wa zamani hauendani.* Usiguse gitaa kwa hasira. Rekodi nyingi za dansi zilifanywa kwenye tepu, kisha zikahamishwa kwa mashine ambazo kasi yake haikuwa sawa, hivyo wimbo mzima umepanda au kushuka kwa sehemu ya hatua. Kuna programu za simu zinazoweza kupandisha au kushusha wimbo bila kubadilisha mwendo. Ulete wimbo kwenye gitaa lako. Kama huna programu hiyo, sikiliza sauti ambayo besi inamalizia wimbo, itafute kwenye uzi wa A kwa freti iliyo karibu nayo zaidi, tyuni uzi huo hadi zilingane, kisha nyingine tatu zifuate A. Ukimaliza mazoezi, rudisha kwenye kipimo cha kawaida kabla ya kwenda kwa wenzako.